Wa Kwanza Kupita Handakini

Jumatatu, 4 Machi

Wameondoa mabati. Kwa miaka minne mtaa wetu umetazamana na uzio wa mabati, na nyuma yake malori, vumbi, na ule mtambo wa kuchimba uliokuwa ukiguguna ardhi chini ya vitanda vyetu mpaka vikombe vikacheza kabatini. Leo uzio umetolewa na nimeliona domo la handaki. Zege safi, duara kamili, taa zimepangwa ndani kama shanga. Nilikuwa garini na mwanafunzi wangu, nesi mstaafu, nikasahau kumwambia akanyage klachi. Gari likazimika katikati ya njia panda. Honi kila upande. Sikujali. Nilikuwa nimeshakata shauri.

Mtu wa kwanza kupita handaki hili kwa gari nitakuwa mimi.

Ni haki tupu. Nusu ya madereva wa jiji hili nimewafundisha mimi. Nusu nyingine ndiyo inayogonga watu. Na hii si barabara ya kupitwa na yeyote tu. Inapita chini ya jiji kutoka viwandani mpaka ng'ambo ya mto, na juu yake, badala ya foleni, kutakuwa na miti na watu wanaotembea. Mabasi ya umeme yana njia yao. Maji ya mvua hayapotei, yanamwagilia miti. Hata taa zinakula jua. Barabara ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuizindua kwa heshima.

Dosari moja. Kwenye ukingo wa handaki alikuwa amesimama mwenye shule ya udereva iliyo ng'ambo ya mtaa, yule tunayemwita Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno pekee analowafundisha wanafunzi wake. Mikono nyuma, kichwa upande, anatazama ndani. Naijua sura ile. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi.

Jioni nimemweleza mke wangu. Amesema sawa, kisha akauliza ni nani atakayemchagua huyo mtu wa kwanza. Nikamwambia mambo ya barabara awaachie wenye barabara. Ameendelea kukunja nguo.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na jibu. Wakubwa wa mradi watataka mtaalamu wa kuendesha handakini. Mtaalamu huyo hayupo, kwa kuwa handaki hatujawahi kuwa nalo. Basi nijifanye yeye kabla mwingine hajajifanya.

Nimejenga handaki uchochoroni, kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani. Turubai juu, mablanketi pembeni, fito za kushikilia, kamba za kuanikia nguo za kufungia. Mke wangu alisema leo ni siku ya kufua. Nikamwambia zipo siku nyingine za kufua. Akasema zipo, lakini nguo zilizolowa ni za leo. Tukapatana kwamba nguo zibaki kwenye kamba na handaki lipite chini yake.

Wanafunzi wakapanga mstari. Nikasimama mlangoni nikatoa hotuba fupi juu ya giza na nidhamu. Kisha nikaingia na nesi mstaafu ndani ya Sultani, gari langu, mkongwe asiyejua kustaafu. Nesi ni mtu mtulivu. Ametulia mbele ya vifo vya watu na anatulia hivyo hivyo mbele ya nguzo za umeme. Nikamwambia tukiingia gizani awashe taa. Akawasha waipa. Waipa ikanasa pindo la turubai. Nikamwambia asimame. Akakanyaga mafuta.

Tukatokea barabarani tumevaa handaki. Turubai, mablanketi, fito mbili, na mashuka ya mke wangu yakipepea nyuma kama bendera za nchi ndogo. Hatukuona kitu. Nilikuwa natoa maelekezo kwa kukisia, na najisifu kwamba hatukumgonga mtu. Pipa la taka halihesabiki.

Aliyetufungua ni Taratibu. Alikunja kona ya turubai kwa uangalifu kama anayefunua mgonjwa, akachungulia, akasema, "Taratibu, jirani." Nesi mstaafu alimshukuru, akasema somo lilikuwa zuri na akauliza tutalirudia lini.

Kwa jumla, maendeleo. Nimekuwa mtu wa kwanza katika mtaa huu kufundisha somo la handaki. Mashuka yanafuliwa upya.

Alhamisi, 7 Machi

Mtu akivaa kofia ngumu na fulana ya kung'aa haulizwi anakwenda wapi. Huo ndio uchunguzi wangu wa maisha, na leo nimeufanyia kazi. Nimevaa vyote viwili, nikashika bomba chini ya kwapa kama mwenye shughuli, nikapita geti la mradi huku nikitikisa kichwa kwa kusikitikia uzembe wa watu fulani. Mlinzi naye akatikisa chake.

Nia yangu ilikuwa kumfikia mhandisi mkuu nimweleze sifa zangu. Sikufika mbali. Msimamizi wa bustani aliniona, akanikaripia kwa kuchelewa, akanipa jembe. Nilitaka kumweleza, lakini maelezo yangeanza na swali la nani aliniruhusu kuingia. Nikalima.

Nimepanda miti asubuhi nzima juu ya paa la handaki. Kwa kweli ni jambo la ajabu. Udongo uliochimbwa chini umerudishwa juu ukawa vilima. Chini yako kuna barabara, na unapanda mti. Nilianza kuona raha, kisha nikaona mwenzangu akirudisha toroli kinyumenyume bila kutazama nyuma, nikashindwa kujizuia. Nikamsimamisha nikamfundisha. Zungusha shingo, si macho. Usivute, ongoza.

Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema, "Mwalimu?"

Ni mhandisi mkuu mwenyewe. Aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Alifeli mtihani mara mbili mikononi mwangu, kisha akapasi kwingine. Hakutaja ni wapi, nami sikumwuliza. Hakuniitia mlinzi. Alinipa maji, akaniuliza natafuta nini, nikamweleza yote bila kuficha, maana mtu anayestahili kitu haoni aibu kukitaja.

Akanijibu kwa upole kwamba jambo hilo limeshaamuliwa. Basi la umeme la watoto wa shule litatangulia. Gari dogo la kwanza nyuma yake litaendeshwa na mkazi wa mtaa mmojawapo uliochimbwa chini yake, kama shukrani kwa uvumilivu wao, na kura imetuangukia sisi. Mradi utatoa gari lisilo na moshi. Dereva atachaguliwa na wakazi wenyewe, kwenye kikao cha Jumapili.

Wakazi wenyewe! Majirani zangu mimi. Nimerudi nyumbani na malengelenge viganjani na moyo mweupe. Nimemwambia mke wangu kuhusu kikao cha Jumapili. Amesema anajua.

Jumapili, 10 Machi

Naandika kwa mkono usiotulia, ila sababu ni malengelenge.

Kikao kilikuwa katika darasa la shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti mdomoni. Nilizungumza wa kwanza. Nilieleza historia ya usukani, nikagusia miaka yangu ya kazi, nikamalizia kwa kusema siombi chochote ila niko tayari kwa lolote. Watu walipiga makofi nilipokaa. Taratibu akasimama akasema yeye hagombei. Nikajua ameogopa. Nikamhurumia kidogo.

Kisha akasimama nesi mstaafu. Akasema kuna mtu mmoja anayeudai mtaa huu shukrani. Akasema mke wa mwalimu.

Mimi nilisikia neno "mwalimu" nikanyoosha mkono kabla sentensi haijatulia. Kwa hiyo katika kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba wa kwanza kumwunga mkono mke wangu ni mimi.

Nesi akaendelea. Akauliza, bomba la kutolea hewa chafu ya handaki lilipopangwa kusimama nyuma ya zahanati, nani alipita nyumba hadi nyumba? Nani alikwenda kukaa kwenye viti vya ofisi ya mradi, wiki baada ya wiki, mpaka wahandisi wakalihamisha bomba na kulitia machujio? Nani aliwafanya wasichimbe watoto wanapolala? Kila swali watu walikuwa wakiitikia kwa jina la mke wangu. Nilikaa nikihesabu zile siku kichwani. Nilidhani alikuwa kwa dada yake.

Mikono yote ikanyooka. Nikasimama, kwa mapenzi kabisa, nikawakumbusha wakazi kwamba mke wangu ana sifa zote ila moja. Hajui kuendesha gari.

Mke wangu akafungua mkoba, akatoa leseni, akaiweka juu ya dawati. Picha yake inatabasamu. Nikamwuliza kwa macho ni nani aliyemfundisha. Hakuhitaji kunijibu. Taratibu alikuwa anasoma sakafu.

Nyumbani tulikaa jikoni. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuomba unifundishe," akasema. "Mara ya kwanza ulisema tusubiri mvua ziishe. Mara ya pili ulisema mke wa mwalimu haendeshi, anaendeshwa. Ukacheka na rafiki zako. Sikukuomba tena."

"Nilikuwa na mpango wa kukufundisha."

"Mipango yako naijua, baba. Naifua mimi."

Nikataka kusema neno. Lilifika mpaka kwenye meno. Likatoka jingine, kuhusu bomba la sinki linalovuja. Akasema ni kweli, linavuja.

Jumatano, 13 Machi

Siku mbili nimekula kimya. Wanafunzi wamelalamika kwamba sifoki tena na wanakosa mwongozo. Kupita mbele ya shule ya Taratibu sikutaka, hivyo nimekuwa nikizunguka mtaa wa nyuma, ambako njia ni mbovu, na Sultani ameanza kutoa moshi kuliko desturi yake.

Leo asubuhi simu. Mhandisi mkuu. Akasema kabla ya ufunguzi kuna kazi maalumu ndani ya handaki, na kati ya magari yote anayoyafahamu jijini, la kufaa ni langu. Nikauliza kama ni kweli nitaingia nalo handakini. Akasema ndiyo. Nikauliza kama ni kabla ya Jumamosi. Akasema ni leo mchana. Aliendelea kueleza mambo mengine, ya feni na vipima moshi, lakini mimi tayari nilikuwa natafuta shati safi.

Mke wangu sikumwambia. Dhamiri ilinigonga bega mara moja. Nikaipisha njia ipite, ikapita.

Domoni mwa handaki nikakuta gari la kuvutia magari mabovu. Mhandisi akanieleza upya, na safari hii nilisikiliza kwa kuwa hapakuwa na shati la kutafuta. Wanataka kuhakikisha kwamba gari likifuka moshi ndani, mitambo itagundua, feni zitaamka na watu watatoka salama. Wamejaribu moshi wa dukani, ila ni laini mno. Wanahitaji moshi wa kweli. Na kwa usalama, injini haitawashwa mpaka tufike katikati. Tutavutwa.

Nimeingia handakini kinyumenyume, nyuma ya lori, nikitazama nilikotoka kunavyopungua mpaka kukawa kama sarafu.

Katikati wakanifungua, wakaenda kusimama mbali. Nikawasha. Lazima nimsifu Sultani. Hakunyima kitu. Moshi ulitoka mweusi, mzito, wenye miaka yake, ukapanda ukutani ukazima taa moja moja machoni pangu. Kengele zikalia. Feni zikaunguruma kama ndege inayotua kichwani. Maji yakamiminika kutoka darini. Sauti ya mwanamke nisiyemwona ikaniambia niache gari na nifuate mlango wa kijani kwa miguu. Nilimjibu kwamba dereva haachi gari. Akarudia maneno yale yale, na ubishi wa namna hiyo siuwezi. Nikaacha gari.

Mlango wa kijani, korido, ngazi, ngazi tena, mlango. Nikajitokeza juu, katikati ya miti niliyoipanda mwenyewe, mweusi kama chungu, nachuruzika maji. Mbele yangu wamekaa wakazi wa mtaa wetu, wanafundishwa na fundi wa mradi kanuni za siku ya ufunguzi. Mke wangu mstari wa mbele.

Mke wangu akainuka, akatoa kitambaa, akanifuta macho kwanza, kisha pua.

"Umepita?" akauliza.

Nikamwambia kwa maana ya kitaalamu, nusu.

Alicheka. Si kicheko cha kunicheka. Ni kile cha zamani, cha tulipokuwa hatuna gari wala shule, nilichokuwa nimesahau kwamba bado anacho. Kilinichoma zaidi kuliko moshi. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba nilipaswa kumfundisha katikati ya mvua zile zile. Akasema labda, lakini angefeli. Kisha akasema Jumamosi kiti cha pembeni ni changu, ikiwa nitaweza kukaa kimya.

Mhandisi ameniambia jaribio limefaulu kupita matarajio. Amesema moshi wangu ndio bora katika mradi mzima. Nimemwomba anipe hilo kwa maandishi.

Jumamosi, 16 Machi

Watu wengi. Basi la watoto likatangulia, limejaa vichwa madirishani. Nyuma yake gari jeupe la mradi, mke wangu kwenye usukani, mimi pembeni, mkanda umenibana.

Gari la umeme halina sauti. Nikamwambia limezimika. Tulikuwa tumeshaondoka.

Nilikaa kimya. Kwa mwalimu wa udereva hiyo ni sawa na kuzuia chafya kilomita kadhaa. Mguu wangu ulikanyaga breki isiyokuwepo mpaka zulia likakunjika. Lakini mdomo niliufunga. Na kwa kuwa niliufunga, nikatazama. Mikono yake imetulia. Anaona mbele kabla ya mbele kufika. Hashiki usukani kama anayezama, kama wanavyofanya wanafunzi wangu wengi. Hewa ndani ilikuwa safi kuliko ya mtaani. Ukutani wameandika majina ya mitaa iliyo juu, ili watu wajue wanapita chini ya nani.

Tulipofika penye jina la mtaa wetu akapunguza mwendo.

"Hapa ni jikoni kwetu," akasema.

Nikatazama juu. Zege tu na taa. Miaka minne ya vikombe kucheza kabatini, na yeye akivipanga upya kila jioni, kisha asubuhi anavaa viatu anakwenda kukaa kwenye viti vya ofisi za watu. Nilitaka kumwambia jambo kubwa.

"Unaonaje, mwalimu?" akauliza, mwanga wa nje ulipotokea.

"Kioo cha pembeni umekitazama mara chache," nikasema.

"Nilikuwa nakutazama wewe," akajibu. "Ulikuwa umesahau kupumua."

Upande wa pili watu walikuwa wakishangilia. Taratibu alikuwa miongoni mwao, analia waziwazi kama mzazi. Nilimwendea nikampa mkono. Nikamwambia mwanafunzi wake anaendesha vizuri. Maneno hayo yalitoka bila ruhusa yangu, ila yameshatoka. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Sikuuondoa mara moja.

Jumapili, 17 Machi

Nimelala vizuri na akili imerudi. Nimelitafakari suala la jana kwa utulivu, na ukweli ni huu. Handaki lile linapotoka linapinda. Linapinda kuelekea upande niliokaa mimi. Kwa hiyo upande wangu wa gari ulitoka kabla ya upande wake. Kwa kiasi cha pua, lakini ni pua yangu. Nimemweleza mke wangu wakati wa chai. Amesema hajalifikiria hilo. Nimemwambia asijisikie vibaya.

Ukijumlisha na uongozi wangu wa moshi, sioni mtu mwingine jijini mwenye madai mazito zaidi. Nimemweleza nesi mstaafu, naye amekubali mara moja, kwa sauti ile anayotumia kuwapa watu dawa.

Habari njema zaidi. Jumamosi ijayo wanafungua njia ya baiskeli inayopita juu ya vilima, na wanatafuta mkazi wa kuitangulia. Safari hii hakuna kikao. Atakayejitokeza kwanza ndiye. Nimejitokeza leo, kabla ya ofisi kufunguliwa, nikamwamsha mlinzi.

Baiskeli sijawahi kuipanda. Ni jambo dogo. Mke wangu, ambaye utoto wake wote alikwenda shule kwa baiskeli, amesema anaweza kunifundisha jioni, nyuma ya zahanati, pasipo watu. Nimemshukuru kwa moyo wote. Nimemwambia asubiri kwanza mvua ziishe.

Nimeshanunua ya mitumba. Taratibu alisimama akaikagua, akasema haina breki ya nyuma. Nikamwambia breki ni za watu wenye mashaka. Kilima cha kujifunzia peke yangu nimekichagua, kile kirefu kinachoishia kwenye bwawa la maji ya mvua. Kinateremka chenyewe, kwa hiyo nusu ya kazi imeshafanyika.

Naanza kesho.